Mapenzi ya Nyimboni na Mapenzi ya Nyumbani

Mapenzi ni neno fupi lenye safari ndefu. Mama hulisema kwa mtoto wake, rafiki kwa rafiki, raia kwa nchi yake, na mcha Mungu kwa Mola wake. Lakini katika siku zetu neno hili limefungiwa chumba kimoja. Likitajwa, watu wengi hawamfikiri mama wala nchi. Huwaza mvulana na msichana, gitaa na machozi. Waliolifungia humo ni mafundi watatu: mwimbaji, mtengenezaji wa filamu, na mtangazaji wa redio ya usiku wa manane. Nataka kuwashitaki watatu hawa mbele yako, msomaji kijana, maana wewe ndiye mnunuzi wanayemtafuta, na wewe ndiye utakayelipa bei.

Kabla ya kuyasoma mashitaka, naomba nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa mapenzi wala wa nyimbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi ya vita na siasa ya mji wake, akatunga na ya mapenzi, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Wahenga walinena ya kuwa penzi ni kikohozi, halifichiki. Nao walisema kweli, kwa sababu Mwenyezi Mungu hakumwumba mtu kwa jiwe. Shitaka langu si kwamba mafundi hawa wanayataja mapenzi. Shitaka langu ni kwamba aghalabu wanayataja kwa uongo, na ya kuwa uongo huo umepewa kiti cha mwalimu katika nchi ambayo wazazi na walimu wa kweli wamenyamaza.

Mimi ni mwalimu wa shule. Katika shule za bweni nilizofundisha, amri ilikuwa taa kuzimwa saa 4 za usiku, na redio zilikuwa marufuku. Hata hivyo kila bweni lilikuwa na redio moja ndogo, yenye waya mmoja wa kutia sikioni, iliyohama kitanda hata kitanda kama mgeni wa siri. Na siku hizi kazi hiyo hufanywa na simu. Darasa la mchana lilikuwa na mkaguzi, mtaala na mtihani. Darasa la usiku halikuwa na hata kimoja katika hivyo, lakini wanafunzi wake hawakusinzia. Asiyefunzwa na mamaye, methali husema, hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimngoja mtu nje ya mlango. Leo umeingia chini ya blanketi.

Mwaka mmoja ililetwa mezani kwangu barua ya mvulana wa kidato cha tatu aliyomwandikia msichana wa shule jirani. Ilikuwa na kurasa tatu zilizopambwa kwa kalamu nyekundu. Niliisoma yote, nikaona ya kuwa haikuwa na sentensi hata moja iliyokuwa mali yake. Mwanzo ulitoka katika wimbo wa kizazi kipya, katikati palikuwa pa rumba, na mwisho ulikuwa tafsiri ya maneno ya filamu. Aliandika ya kuwa hawezi kula, na jioni ile ile nilikuwa nimemwona akiomba ugali mara ya pili. Aliandika ya kuwa atakufa asipojibiwa. Nikamwuliza, "Msichana huyu apenda somo gani?" Hakujua. "Ana ndugu wangapi?" Hakujua. "Jina la baba yake ni nani?" Hakujua. Alikuwa amemwona mara moja tu, katika mashindano ya kwaya, akiimba katika safu ya mbele. Basi nilimpa adhabu kwa kuvunja amri ya shule, nikaichana barua, nikadhani kazi yangu imekwisha. Nitakueleza mbele jinsi nilivyokosea.

Sasa sikiliza mashitaka.

La kwanza ni hili: wanafundisha ya kuwa mapenzi ni maradhi. Zitwae nyimbo kumi zozote, ziwe za taarabu, za rumba au za kizazi kipya, uhesabu ni ngapi ambamo mpenzi ni mgonjwa, amelewa, amepagawa, hali, halali, wala hajijui. Ni mfano mzuri wa kishairi, nami sina ugomvi na mfano. Ugomvi wangu ni na mtu autwaaye mfano akaufanya kanuni ya maisha. Mgonjwa hahukumiwi kwa sababu amekohoa. Kwa hivi mtu akiisha kuamini ya kuwa mapenzi ni ugonjwa uliomvamia njiani, huanza kudai haki za mgonjwa. Akidanganya, ni mapenzi. Akiacha masomo, ni mapenzi. Akiinua mkono kupiga, nako ni mapenzi.

Fungua magazeti uone jinsi lugha hii ya wimbo ilivyovuka mpaka ikaingia katika habari za polisi. Mwanamke anapouawa na mwanamume aliyedai kumpenda, mara nyingi husomwa ya kuwa penzi limeingia shubiri, au ya kuwa ulikuwa ugomvi wa kimapenzi, kana kwamba penzi lilitoka chumbani kwa miguu yake likafanya tendo lile. Tarehe 27 Januari 2024 watu kwa maelfu, wengi wao wanawake, waliandamana mjini Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Sisemi ya kuwa wimbo ulishika kisu. Nasema ya kuwa mwenye kisu aliukuta udhuru wake umekwisha kutungwa, una gitaa na kibwagizo. Mapenzi hayaui. Anayeua ni mtu, tena mtu mwenye hiari, na jina la tendo lake ni uuaji.

Shitaka la pili: wanafundisha ya kuwa neno "sitaki" si jibu. Hapa filamu ndiyo mkosaji mkubwa. Kwa miongo mingi filamu za Uhindi zilijaza majumba ya sinema ya Mombasa na Nairobi, na waimbaji wa taarabu wa pwani, kama marehemu Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014, walizitwaa tuni zake wakazitilia maneno ya Kiswahili. Katika filamu hizo, na katika nyingi za Marekani, mambo hufuata mtindo mmoja. Kijana humwona msichana njiani. Msichana humkataa. Kijana humfuata sokoni, humfuata chuoni, humzuilia njia, huimba mbele ya dirisha lake, mpaka kabla ya mapumziko msichana akacheka. Watazamaji nao hucheka, maana wanajua tangu mwanzo ya kuwa msichana huyu ataishia kupenda. Mtungaji amekwisha kuandika hivyo. Lakini msichana wa barabarani hakuandikwa na mtungaji yeyote. Yeye hajui kama anayemfuata ni shujaa wa filamu au ni mwovu, na hana njia ya kujua mpaka saa iwe imekwisha kupita.

Turudi kwa mvulana wangu wa barua. Barua niliyoichana haikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya nne. Msichana alikuwa amejibu ya kwanza kwa mstari mmoja, kwamba hataki. Mvulana akasoma "sitaki" kama alivyofundishwa kuisoma, akaona ni mlango unaohitaji kubishwa kwa nguvu zaidi. Akatuma ya pili, na ya tatu, na salamu kwa vinywa vya wenzake, hata shule nzima ya kule ikajua. Muhula uliofuata, kwaya ya wasichana ilipokuja tena katika mashindano, nilimtafuta msichana yule katika safu ya mbele nisimwone. Mwalimu wake aliniambia ya kuwa aliomba kutolewa katika kwaya, kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya watu akijua ya kuwa ananong'onwa. Sauti yake ilikuwa bora kuliko zote katika safu ile. Nami, niliyekuwa na barua mkononi, nilikuwa nimeuliza habari za amri ya shule, sikuuliza habari zake. Tazama basi, msomaji, ni nani aliyelipa bei ya mapenzi yale. Mwandishi wa barua alifagia uwanja kwa siku mbili. Aliyepoteza wimbo wake ni yule aliyeambiwa ya kuwa anapendwa.

Shitaka la tatu: wanaikata hadithi kabla haijaisha. Filamu huishia arusini, na wimbo huishia machozini, nyumba haionekani. Chukua hadithi ya mapenzi iliyo mashuhuri kuliko zote katika fasihi ya Kiingereza, mchezo wa Shakespeare wa Romeo na Juliet. Waimbaji na watengenezaji wa filamu wameyageuza majina mawili hayo kuwa kipimo cha penzi kamili. Lakini ukisoma mchezo wenyewe utaona mambo ambayo kibwagizo hakiyataji. Juliet hajatimiza miaka 14. Asubuhi ya siku anayokutana naye, Romeo analia kwa ajili ya msichana mwingine, Rosaline, na hata usiku haujaisha amekwisha kumsahau. Toka kuonana kwao hata mauti yao ni siku zisizotimia wiki moja. Mpaka pazia linafungwa wamekufa watu sita, akiwamo mama yake Romeo aliyekufa kwa huzuni. Shakespeare aliandika onyo juu ya ugomvi wa wazee na pupa ya vijana. Wauzaji wakaliondoa onyo wakauza pupa. Mchezo huo haukutupa hata asubuhi moja ya kumwona Romeo akiwasha moto, au akihesabu kodi ya nyumba, au akimbembeleza mtoto mwenye homa. Hatujui kama angeweza. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inayokataza kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18, haina gitaa wala mwezi mpevu; hata hivyo kwa jambo hili inamjua binadamu vema kuliko wimbo.

Shitaka la nne: wametia bei juu ya moyo. Pengine umeimba wimbo wa Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliueneza duniani. Watu wamebishana kwa miaka mingi juu ya nani aliyeutunga, lakini hapana ubishi juu ya maana yake: mwanamume anampenda mwanamke, angependa kumwoa, na hana mali. Huzuni yote ya wimbo ule imo katika umaskini wake. Mwimbaji analia kwa sababu mapenzi yamegongana na mahari. Sasa sikiliza nyimbo nyingi za vijana wa leo, na utazame picha zinazofuatana nazo. Mali haisikitikiwi tena, inaonyeshwa. Gari liko mbele, nyumba ya vioo iko nyuma, na msichana amewekwa katikati yake kama chombo kimojawapo cha nyumba. Mvulana asiye na gari anafundishwa ya kuwa hana haki ya kupenda, na msichana anafundishwa ya kuwa kupendwa ni kununuliwa. Ndipo watu wazima, wenye umri wa baba zao, hujitokeza kuwa wafadhili wa wasichana wa vyuo na hata wa shule, wakipewa jina la kuchekesha la "sponsa." Ni jina la kuchekesha kwa jambo lisilochekesha. Uzuri wa mkakasi, wahenga walinena, ndani kipande cha mti.

Shitaka la tano ni la mtangazaji wa usiku peke yake. Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928, na kwa muda mrefu hewa ilikuwa mkononi mwa serikali. Wazazi wako huenda wakakumbuka kipindi cha jioni cha Sundowner katika idhaa ya Kiingereza ya KBC, chenye nyimbo za taratibu za watu kama Jim Reeves. Mtu alisikiliza, akahuzunika kidogo, akalala. Mwaka 1996 stesheni za binafsi za FM zikaanza kuingia, zikaongezeka, na kila moja ikahitaji masikio ya kuwauzia wenye matangazo ya biashara. Bidhaa iliyoonekana rahisi kuliko zote ilikuwa siri za watu. Mtu asiyejulikana hupiga simu usiku na kueleza jinsi alivyosalitiwa. Mtangazaji hucheka, au huguna. Wengine hupiga simu kumshauri amwache mkewe, au amlipizie kisasi mumewe. Kisha huja wimbo, kisha tangazo la sabuni. Ndoa ya miaka kumi na miwili imehukumiwa kwa dakika tatu na watu wasiomjua hata mmoja katika wawili wale.

Linganisha jambo hilo na desturi ya pwani yetu. Msichana alipokaribia kuolewa alikuwa na somo wake, au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyemfunda mambo ya unyumba. Sisemi ya kuwa kila alilofundisha kungwi lilikuwa jema. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na yamo ndani yake mengi ambayo binti wa leo atayabishia, wala simkatazi kubisha. Lakini kungwi alimjua mwari kwa jina. Aliijua nyumba alikotoka na nyumba alikokwenda. Ndoa ikiharibika, watu waliujua mlango wa kubisha. Mtangazaji wa usiku ni kungwi asiye na mlango. Shauri lake likikuvunjia nyumba, hapana pa kumwendea. Kesho yake usiku amekwisha kupata mgonjwa mwingine.

Sasa nawajibu wanaonipinga, maana mshitaki mwema huwasikiza mashahidi wa upande wa pili.

Wa kwanza husema, "Huu ni mchezo tu, kila mtu ajua ya kuwa ni uongo." Ningekubali, kama nisingaliisoma barua ile. Uongo anaoujua mtu kuwa ni uongo haumwandikii barua zake. Mwanafunzi akisikia jambo moja mara elfu, nyumbani asisikie jambo jingine la kulipinga hata mara moja, hana budi kulishika, si kwa ujinga, ila kwa kuwa ndilo peke yake alilopewa.

Wa pili husema, "Sanaa haina kosa, imeimba mapenzi siku zote." Huyu namjibu kwa furaha, kwa kuwa sanaa yenyewe ni shahidi wangu. Siti binti Saad, binti wa kijiji cha Fumba aliyepata kuuza vyungu Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, akaimba mapenzi kwa sauti iliyowavuta watu wa pwani nzima. Lakini aliimba pia juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa na mtu aitwaye Kijiti. Mwuaji alitoroka, na walioadhibiwa wakawa ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Siti hakusema ya kuwa penzi liliingia shubiri. Alimtaja mwuaji, akailaumu hukumu. Mwaka 1985 Franco wa Kongo alitoa wimbo wa Mario, akamfunua kijana mwenye elimu anayekula kwa jasho la mwanamke aliyemzidi umri. Katika wimbo wa Kasongo wa Orchestra Super Mazembe, uliorekodiwa katika miaka ya 1970, mke aliyeachwa anamlilia mumewe arudi nyumbani. Na katika filamu ya Awara ya mwaka 1951, Raj Kapoor aliweka mbele ya watazamaji swali kubwa, kama mtu huzaliwa mwizi au hufanywa mwizi na malezi, na akampa mwanamke mwanasheria kazi ya kumtetea mpenzi wake mahakamani. Hizo zote ni habari za mapenzi, nazo ni za kweli.

Hapa inanipasa kuligeuza shitaka upande wetu sisi tusikilizao. Wimbo wa Kasongo hupigwa katika arusi zetu, watu wakachezea kilio cha mke aliyetupwa, kwa sababu maneno ni ya Kilingala na miguu haiulizi maana. Awara ilipopita, watu walibaki na tuni wakalisahau swali. Basi kosa haliko katika koo la mwimbaji peke yake. Liko pia katika sikio lililokataa kufanya kazi.

Wa tatu, nao ndio wengi katika kamati za wazazi, husema, "Tupige marufuku." Hao ni wenzangu katika hasira, wala si wenzangu katika dawa. Marufuku ipo tayari. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinazuia mambo ya watu wazima kutangazwa kuanzia saa 11 za alfajiri hadi saa 4 za usiku. Ni kanuni ya haki, lakini redio iliyo chini ya blanketi haijui saa, na simu haijui kanuni. Tena soma riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nayo yenyewe ikapigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kukubaliwa baadaye kuwa kitabu cha kusomwa. Baba yake Rosa anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anampiga, asimfundishe kitu. Msichana anatoka mkononi mwa baba huyo akiwa na hofu ya wanaume na bila maarifa yoyote juu yao, na siku hofu inapomtoka hana kitu cha kuijaza nafasi yake, anaangamia. Mzazi azimaye redio kisha akanyamaza amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ameiachia redio nyingine.

Basi ufanye nini, wewe usomaye? Sikuombi uzibe masikio. Nakuomba usikilize kama hakimu asikilizavyo. Wimbo ukikugusa, jiulize kwanza ni nani anayesema ndani yake, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema. Katika nyimbo nyingi mmoja hulalamika kwa dakika nne, na mwenzake hapewi hata neno. Hakimu anayesikia upande mmoja tu hafai kutoa hukumu. Jiulize pili, asubuhi ya pili yake ilikuwaje? Nani aliamka mapema, nani aliteka maji, nani alilipa karo? Hadithi isiyoweza kuvumilia asubuhi moja haifai kuongoza miaka hamsini. Jiulize tatu, kama maneno haya yangeambiwa dada yako na mtu asiyemtaka, au kaka yako na mtu anayemdharau, je, ungeimba nawe kibwagizo?

Nanyi wavulana, lishikeni neno moja ambalo hapana mwimbaji atakayewaimbia kwa urahisi: msichana akisema hataki, amekwisha kujibu. Kumheshimu kwa jibu lake ni kitendo cha kiungwana, nacho kina uanaume ndani yake kuliko barua nne. Nanyi wasichana, anayewaambia ya kuwa atakufa kwa ajili yenu, mwulizeni kwanza kama yuko tayari kuwaacha mwishi kama mpendavyo. Hilo ni jambo dogo kuliko kufa, na wengi hushindwa nalo.

Namaliza kwa wazee wawili majirani zangu. Wameoana zaidi ya miaka arobaini. Mzee amepofuka, na alikuwa mpenzi mkubwa wa magazeti na wa kandanda. Kila jioni, baada ya sala, bibi huvaa miwani akamsomea gazeti barazani, toka ukurasa wa kwanza mpaka habari za michezo. Bibi hapendi kandanda. Huyataja majina ya wachezaji vibaya, mzee akamsahihisha kwa ukali, bibi akamwambia basi asome mwenyewe, kisha akaendelea kusoma. Nimewasikia mara nyingi kupitia ukuta. Sijapata kusikia wimbo juu yao, wala filamu, wala hapana mtangazaji aliyewapigia simu usiku, maana saa hizo wamekwisha kulala. Hayo ndiyo mapenzi ya nyumbani. Hayafai kuuzwa, ndiyo maana hawayatangazi. Lakini wewe unayatafuta, hata kama hujui, kila unapotia waya ule sikioni gizani; na hutayapata huko. Uzime, ulale. Kesho jioni keti na mtu aliyekuzidi umri, umwulize alivyoishi na mwenzake, na jinsi walivyovumiliana.